Analia Kila Akinyanyuliwa: Kisa cha Mtoto wa Siku 12

Waliingia watano. Mama mzazi akitembea hatua fupi fupi za mtu mwenye mshono, mumewe na kadi ya kliniki mkononi, bibi mzaa baba kampakata mtoto ndani ya khanga mbili, na nyuma yao binti wa miaka 15 ambaye hakuingia vizuri. Alisimama mlangoni na furushi la nguo. Nilimwamkia bibi, akaitikia marahaba, na kabla sijawaonyesha viti akaniambia, "Mwanangu, huyu binti katuvunjia mtoto. Basi la saa nane linamrudisha kwao."

Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya mkoani Tanga. Majina nimeyaacha, na mambo mengine ya kuwatambulisha pia. Kisa chenyewe nakiandika kwa sababu kinagusa jambo ambalo sisi watu wa kliniki tunalipita haraka mno. Mama tunamfundisha kunyonyesha, kusafisha kitovu, kutambua homa. Kumnyanyua mtoto hatumfundishi mtu, kwa kudhani kila mtu anajua.

Mtoto alikuwa wa kiume, uzao wa kwanza, kilo 4.3, kazaliwa kwa njia ya kawaida. Maelezo ya wodi yalisema kichwa kilitoka, mabega yakakawia, mama akakunjwa magoti hadi kifuani ndipo bega likapita. Mtoto akalia vizuri, akanyonya, kesho yake wakaruhusiwa.

Siku ya saba waliletwa kwangu. Hili naliandika lilivyokuwa. Foleni ilikuwa ndefu na mtoto kalala. Nikaangalia kitovu, nikaangalia macho kama yana manjano, nikampima na nguo zake. Mama akasema, "Nesi, analia sana nikimnyanyua." Nikamjibu, "Mnyanyue taratibu, mama, huenda ni chango." Sikumvua nguo. Maneno yale mawili, mnyanyue taratibu, ndiyo yalikuwa mafunzo yote aliyoyapata kutoka kwangu.

Siku ya kumi mama alikuwa bafuni na bibi kaenda sokoni. Mtoto akaanza kulia kitandani. Binti, ambaye ni mtoto wa mjomba wake mama na aliletwa kusaidia mpaka arobaini iishe, aliacha kufua akamkimbilia. Bibi aliporudi alimkuta kamshika mtoto kwapani kwa mikono miwili yenye povu, kichwa kimeanguka nyuma, mtoto anapiga kelele mpaka amekuwa mwekundu. Kesho yake, wakati wa kumwogesha, vidole vya bibi vikagusa kinundu kigumu upande wa kulia, chini kidogo ya shingo. Akaunganisha mambo mawili, na yeyote angeunganisha. Nyumba ikagawanyika pale pale, maana binti ni wa upande wa mama na aliyemwona ni wa upande wa baba. Baba alinyamaza tangu siku hiyo.

Safari hii nilimvua mtoto nguo zote. Nilifunga dirisha, nikatandika khanga mezani, nikanawa na kupasha viganja. Kinundu kilikuwa juu ya mtulinga, ule mfupa unaotoka chini ya koo kwenda begani, ukubwa wa punje ya mbaazi. Hakikuwa chekundu wala cha moto. Nilimtazama kwanza bila kumgusa. Mkono wa kushoto ulikuwa ukirusharusha, wa kulia ukijikunja na kujinyoosha kwenye kiwiko lakini hauinuki juu. Nilimtia kidole kila kiganja, akabana sawasawa kote kuwili. Hilo lilinipa nafuu, kwa kuwa mabega yakikawia wakati wa kuzaliwa, mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi nayo inaweza kuvutika, na hapo mkono hulegea, ukalala ubavuni umenyooka, kiganja kikitazama nyuma. Huyu hakuwa hivyo.

Kisha nikamkagua mwili mzima, nyuma ya masikio, mgongoni, mapajani, mbavu, ndani ya midomo. Utosi ulikuwa laini na bapa, ukidunda taratibu. Hakukuwa na alama ya kupigwa wala kubanwa popote. Ukaguzi huu sikuufanya kwa kumdhania mtu vibaya. Mfupa uliovunjika kwa mtoto asiyeweza hata kujigeuza lazima uulizwe umevunjikaje, nyumba iwe ya nani, na anayeuliza asiridhike na jibu la kwanza, liwe la kushtaki au la kutetea.

Sasa kuhusu kile kinundu. Mfupa wa mtoto mchanga ukivunjika, siku za mwanzo hushiki kitu kigumu. Yapo maumivu, na pengine mkunga mwenye vidole vyepesi atahisi kitu kinakwaruzana. Ni baada ya wiki moja, siku kumi hivi, ndipo mwili unapokuwa umejenga mfupa mpya kuzunguka pale palipokatika, na huo ndio uvimbe unaoshikika. Kinundu kilichokwisha kuwa kigumu siku ya 11 hakiwezi kuwa kimeanza siku ya 10. Ukihesabu kurudi nyuma unafika siku ya kuzaliwa. Mtulinga ndio mfupa unaovunjika mara nyingi zaidi mtoto anapozaliwa, hasa mtoto mkubwa ambaye mabega yamekawia, na huvunjika hata mkunga akiwa amefanya kila kitu inavyotakiwa. Niliwaandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya kupigwa picha, na picha ilikuja kuonyesha hivyo: mtulinga wa kulia umevunjika katikati na umeshaanza kuunga.

Lakini picha ilikuwa bado, na basi la saa nane lilikuwa linakaribia. Niliwaambia niliyoyaona, kisha nikawaomba jambo moja. Kila mmoja amnyanyue mtoto pale mezani kama anavyomnyanyua nyumbani. Nilitaka kujua kwa nini analia, maana mfupa ulivunjika siku ya kwanza, lakini kilio cha kila siku kilikuwa na mikono ya watu ndani yake.

Bibi alianza. Alitandaza kiganja cha kushoto chini ya shingo mpaka vidole vikafika kisogoni, cha kulia kikaingia chini ya makalio, kisha akainama yeye. Siri yote iko hapo. Hakumvuta mtoto juu. Alishusha kifua chake kikamgusa mtoto, akatulia kidogo, akainuka naye kama kitu kimoja. Mtoto alifumbua jicho moja, akalifumba. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijaona mtu akinyanyua kichanga vizuri kuliko yule bibi.

Nikamwomba amvishe fulana. Akauingiza mkono wa kushoto kwanza, halafu akaushika wa kulia kwenye kifundo, akaukunja nyuma na kuuvuta upite. Kilio kikajaa chumbani. Bibi aliniangalia, akaushusha ule mkono polepole. "Hapa ndipo analia kila asubuhi," akasema, na sauti yake haikuwa ile aliyoingia nayo.

Mama yeye kuinama kulimuuma kwa sababu ya mshono, kwa hiyo alikuwa amebuni njia yake. Alikusanya pembe za khanga, mbili mkono huu, mbili mkono huu, akamnyanyua kama samaki kwenye wavu. Mtoto akajikunja katikati, kidevu kikabana kifuani, uzito ukaangukia bega la kulia. Alilia hata kabla hajafika juu. Kilio kile mimi nilikiogopa kidogo kuliko kidevu. Njia ya hewa ya kichanga ni nyembamba na laini, na kidevu kikilala kifuani inabanwa kimyakimya, bila kelele ya kumshtua mtu. Nilimwambia aache kuinama kabisa kwa wiki hizi. Mtoto alazwe mahali palipo juu kiasi cha kiuno chake, mtu akiwa karibu, au yeye akae kwanza kitini halafu aletewe. Wala si aibu mzazi mwenye mshono kuletewa mtoto wake.

Baba alisogea mezani kama anayekwenda kushika chungu cha moto. Alimshika kwa ncha za vidole, mikono imenyooka, mtoto akaning'inia hewani mbali na mwili wake. Alipomshusha alimshusha haraka, kichwa kikagusa meza kwanza, na mtoto akarusha mikono pembeni, vidole vikatanuka, halafu akalia. Mkono wa kushoto ulipanda juu, wa kulia uliishia nusu. Baba akarudi nyuma. "Ananikataa, nesi. Kila siku ananifanyia hivi."

Hakuwa akikataliwa. Kichanga anapohisi kichwa kinaanguka, mikono yake hujirusha yenyewe, kama inatafuta mtu wa kumshika, na jambo hilo humwisha akiwa na miezi minne hadi sita hivi. Mtoto mchanga kichwa chake peke yake ni karibu robo ya urefu wake wote, wakati kwa mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Ni mzigo mkubwa juu ya shingo ambayo haijakaza, na haikazi vizuri mpaka miezi mitatu au minne. Niliushika mkono wa baba, nikauweka chini ya kisogo, kiganja kizima, si vidole. Nikamwonyesha kumshusha: makalio yatangulie kugusa kitanda, mgongo ufuate, kichwa kiwe cha mwisho, na viganja vibaki pale chini mpaka mtoto atulie ndipo vitolewe kimoja kimoja. Alijaribu mara ya pili. Mtoto hakurusha mkono.

Nikamkalisha kitini, nikamwambia afungue vifungo vya shati. Tukamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, uso umegeukia pembeni, shavu la kushoto juu ya moyo, bega la kulia huru. Ni namna ileile ya huduma ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, lakini kifua cha baba kinamfaa hata mtoto wa kilo nne. Baba hakusema lolote kwa muda. Kisha akauliza kama anaweza kulala hivi usiku. Nikamkatalia. Akihisi usingizi amrudishe mtoto pake, alale chali. Wapo watoto waliokufa kwa kubanwa kati ya mzazi aliyesinzia na mto wa kochi, na mzazi mwenyewe hakusikia chochote.

Akabaki binti. Hakutaka kumgusa, na sikumlazimisha. Niliviringisha khanga yangu, nikafunga fundo juu liwe kichwa, nikamwambia, "Mdogo wangu, mnyanyue huyu." Akaishika kwapani, akainyanyua wima, fundo likaanguka nyuma.

"Hivi ndivyo unavyombeba nani?"

"Mdogo wangu. Ana miaka miwili."

"Na huyu, nani alikuonyesha kumbeba?"

Aliangalia chini. "Hakuna."

Kwa hiyo bibi aliona kweli. Binti alimnyanyua mtoto vibaya, na kwa mtoto mwenye mtulinga uliovunjika kushikwa kwapani ni maumivu makali. Ila kumuumiza si kumvunja. Niliyasema yote mawili mbele ya wote. Kumsafisha binti kabisa ili shauri liishe kungekuwa uongo, na kesho mtoto angeshikwa kwapani tena. Na kama lawama ya kutokujua ilikuwa na mahali pa kwenda, ilitakiwa ije kwangu, niliyeiona familia siku ya saba nikaiaga kwa maneno mawili. Katika nyumba zetu mtoto anashikwa saa nyingi na dada wa kazi, binamu, shangazi aliyekuja kusaidia, au kaka wa miaka tisa. Kliniki anakuja mama peke yake. Tunampa somo mtu mmoja, na mtoto anazunguka kwenye mikono ya sita.

Nilianza na binti, kwa ile khanga. Tukahesabu pamoja: moja kichwa, mbili makalio, tatu kifua. Tatu ndiyo ngumu, maana mwili wa mtu umezoea kuvuta kitu kuja juu na hapa unatakiwa kushuka. Alirudia kama mara kumi. Nikamuuliza kuhusu ile siku ya povu. Alisema aliogopa mtoto atakufa kwa kulia. Nikamwambia neno ambalo ningependa kila msaidizi wa nyumbani aambiwe: mtoto akilia kwa muda wa wewe kufuta mikono hafi. Futa mikono kwanza. Mikono yenye povu au mafuta haishiki, na mtoto akianza kuteleza utamkamata kwa nguvu popote, mkono, mguu, hata shingo.

Na akilia bila kunyamaza? Kilio cha watoto wachanga hupanda mpaka wiki ya sita au ya nane, kisha hupungua, na kuna jioni ambazo hakuna kinachosaidia. Ashikwe, abembelezwe, aimbiwe, apelekwe kwa mama. Asitikiswe. Kichwa kizito juu ya shingo laini kikitikiswa kwa nguvu, ubongo hugonga ndani ya fuvu na mishipa midogo hukatika, na sekunde chache zinatosha kumpofusha mtoto, kumlemaza au kumuua. Ukiona hasira imekupanda, mlaze chali mahali salama, toka nje, pumua, muite mtu. Niliyasema haya nikimtazama kila mtu chumbani, maana hasira ya usiku wa manane haiulizi umri.

Baadaye binti alimshika mtoto mwenyewe, na nilisimama karibu sana, nakiri. Alinyanyua vizuri. Kisha, bila kufikiri, akamhamishia begani na kuachia mkono mmoja, kama anayetaka kuchukua ndoo. Kichwa kikayumba. Nikamwambia mtoto akiwa begani mkono mmoja unabeba makalio na wa pili unakaa kisogoni mpaka shingo ikaze, kwa hiyo hana mkono wa ndoo. Akiwa na mtoto hashiki kikombe cha chai, hasogelei jiko la mkaa, haingii bafuni kwenye sakafu yenye maji.

Bibi aliuliza mbeleko lini. Ni swali zuri. Mbeleko ya mgongoni ingoje shingo ikaze. Kabla ya hapo, mtoto afungwe mbele, mahali unapoweza kuuona uso wake bila kukifunua kitambaa, kidevu kimeinuka, pua haijazibwa na nguo wala titi. Na miguu iachwe itanuke na kukunjika kama ya chura, kwa kuwa nyonga za kichanga zinapenda kukaa hivyo. Kumfunga miguu imenyooka na kubanwa kama mkeka uliokunjwa, eti miguu isije ikawa matege, kunaweza kuitegua nyonga. Mbeleko ya bibi zetu, magoti yamepanda na mapaja yamekumbatia kiuno cha mbebaji, wataalamu wa mifupa wanaisifu kwa sababu hiyohiyo.

Kwa mfupa wenyewe dawa haikuwa nyingi. Mtulinga wa mtoto mchanga huunga wenyewe. Hospitalini daktari alimwandikia ya maumivu kwa kipimo cha uzito wake, akabana mkono wa shati wa kulia kwenye kifua kwa pini ili mkono utulie. Nilimwonyesha bibi kumvisha upya, mkono unaouma utangulie kuingia na uwe wa mwisho kutoka, na nguo iwe ya kufungua mbele. Alifanya mara moja akaweza. Wakati wa kunyonya, mama amlaze ili bega la kulia liwe juu. Dalili za kumrudisha upesi nilizitaja pia: homa, kukataa titi, kidonda au wekundu juu ya uvimbe, mkono kulegea kabisa, kulala kusikokuwa kwa kawaida.

Ilikuwa saa nane kasoro. Bibi alisimama, akajifunga khanga vizuri, akamwambia binti bila kumwangalia, "Weka hilo furushi kwenye pikipiki ya mjomba wako, sisi tunapanda bajaji. Mtoto hapandi pikipiki." Hilo la mwisho sikuwa nimelisema bado. Alilisema mwenyewe.

Siku ya 28 kilio cha kunyanyuliwa kilikuwa kimekwisha. Kinundu bado kilikuwepo, na niliwaambia kitachukua miezi kusawazika. Mtoto aliposhtuka mikono yote miwili ilipanda sawa.

Wiki ya sita walikuja kwa chanjo. Mama alitangulia na kadi, hatua zake sasa ni ndefu, na binti nyuma kampakata mtoto, mkono wa kushoto chini ya kisogo. Muuguzi mwenzangu, ambaye hakuwajua, alinyoosha mikono kumpokea mtoto ampeleke kwenye mzani. Vidole vyake vilielekea kwapani.

Binti akarudi nyuma hatua moja. "Subiri, dada," akasema. "Tandika kwanza khanga, mimi nitamlaza."

Akamlaza. Makalio, mgongo, kichwa. Kilo 5.7.